Mwaka wa kujitolea Ujerumani: yanayosemwa Kisumu na yaliyo kweli

Si ajabu siku hizi kukutana na kijana wa Kisumu, Vihiga au Kakamega anayejiandaa kwenda Ujerumani kutumikia mwaka mmoja wa kujitolea katika makao ya wazee, shule ya chekechea, hospitali au kituo cha watu wenye ulemavu. Habari za safari hizo huenea mtaani upesi kuliko stakabadhi zenyewe, na kufikia siku ya kuondoka familia huwa imekwisha kujijengea matumaini ambayo hayamo kabisa katika mkataba aliotia sahihi kijana wao. Dhana potofu kuhusu jambo hili ni nyingi, lakini hazina uzito sawa. Nitaanza na ile inayoleta ugomvi mwingi zaidi, yaani pesa.

"Anakwenda kufanya kazi ng'ambo, atatutumia"

Mipango inayowapokea vijana wetu wengi ni miwili. Wa kwanza ni Freiwilliges Soziales Jahr, yaani mwaka wa hiari wa huduma za jamii, ambao vijana huufupisha FSJ. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1964 na ni wa watu ambao hawajafikisha miaka 27. Wa pili ni Bundesfreiwilligendienst, yaani huduma ya kujitolea ya serikali ya shirikisho, au BFD, ulioanzishwa mwaka 2011 baada ya Ujerumani kusimamisha utumishi wa lazima jeshini. Utumishi huo uliposimama, ulisimama pia ule wa kiraia, ambao vijana waliokataa kushika bunduki walikuwa wakiutekeleza hospitalini na katika makao ya wazee, na mpango mpya ulikusudiwa kuziba pengo hilo. BFD hauna kikomo cha juu cha umri, kwa hiyo anayesema kwamba mtu wa miaka 30 amechelewa anauzungumzia FSJ peke yake.

Katika mipango yote miwili hakuna mshahara. Kuna posho, ambayo sheria imeiwekea kikomo. Mwaka 2025 kikomo hicho kilikuwa yuro 644 kwa mwezi, na vituo vingi hutoa pungufu ya hapo. Malazi na chakula hutolewa na kituo, au hufidiwa kwa pesa, au hutolewa kwa sehemu tu, kutegemea makubaliano. Michango ya bima ya afya, ya pensheni na ya ajali hulipwa yote na upande wa kituo, na kijana hakatwi chochote. Muda wa kawaida ni miezi kumi na miwili, na saa za huduma hukaribia zile za mwajiriwa wa kutwa.

Hapa ndipo hesabu inapowapoteza watu. Chukua posho ya yuro 400. Kwa kadirio la shilingi 150 kwa yuro moja, hizo ni shilingi 60,000, na mama anayeuza omena katika soko la Kibuye akisikia kiasi hicho ana kila haki ya kushangaa kwa nini mwanawe hatumi chochote. Kinachosahaulika ni kwamba kijana analipwa kwa yuro na anatumia kwa yuro. Tiketi ya mwezi ya mabasi na treni za kawaida zinazozunguka nchi nzima, iliyoanza mwaka 2023 kwa yuro 49, ilifika yuro 58 mwaka 2025 na yuro 63 mwaka 2026. Siku za mapumziko, kama mkataba unampa chakula akiwa zamu tu, atajilisha mwenyewe. Kuna simu, kuna mafuta ya ngozi ambayo baridi huyamaliza haraka, na kuna koti na viatu vya majira ya baridi, ambavyo kwa pamoja vinaweza kumeza robo au theluthi ya posho ya mwezi mzima. Mwenye nidhamu anaweza kubakiwa na kitu kidogo. Wapo wanaotuma yuro 30 au 50 kila mwezi, na hilo si dogo. Lakini kujenga nyumba ya matofali kijijini kwa posho ya kujitolea ni jambo lisilowezekana, na anayeahidi hivyo kabla ya kuondoka anajitafutia mwaka wa aibu.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya harambee. Katika mpango wa BFD au FSJ, mara nyingi nauli ya ndege humwangukia kijana mwenyewe, na kwetu nauli ya namna hiyo huchangwa. Mjomba hutoa, majirani hutoa, chama cha akina mama hutoa, kanisa hutoa. Mchango ukitangazwa kana kwamba ni wa kumpeleka mtu kazini, kila aliyetoa shilingi 500 anakaa akisubiri, na mwezi wa pili simu zinaanza. "Mwanangu, mbona umenyamaza? Shule zimefunguliwa," shangazi atauliza, na hana kosa, kwani ndivyo alivyoelezwa. Maoni yangu ni kwamba mkataba usomwe mbele ya wazee wa familia kabla kadi za mchango hazijachapishwa, kiasi cha posho kitajwe kwa tarakimu, na isemwe waziwazi kwamba pesa zinazochangwa ni za tiketi, viza na koti. Huenda kapu likapungua kidogo. Afadhali lipungue siku hiyo.

Wapo wanaojibu kwamba kijana atatafuta kibarua cha jioni. Kibali cha ukaazi hutolewa kwa ajili ya huduma yenyewe, na kazi yoyote ya pembeni inahitaji idhini. Kuosha vyombo mkahawani bila idhini kunaweza kumpotezea kibali.

"Ujerumani imetoa nafasi 250,000 kwa Wakenya"

Dhana hii ina tarehe. Tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamiaji na ajira mbele ya Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz. Mara moja ikaenea taarifa kwamba Ujerumani imekubali kuwapokea Wakenya 250,000. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ilikanusha hadharani, ikaeleza kwamba mkataba hauna idadi wala mgao wowote, na kwamba kila mwombaji atapaswa kutimiza masharti ya sheria ya nchi hiyo ya uhamiaji wa wafanyakazi wenye ujuzi. Hata hivyo idadi ile ingali inatajwa katika matatu za Kondele, na wajanja wanaitumia kuuza fomu.

Mkataba huo unahusu ajira, mafunzo na urejeshwaji wa wasio na vibali. Huduma ya kujitolea ina njia yake, iliyokuwepo miaka mingi kabla. Aliyekwenda kwa BFD hajapata ajira, na mwaka ukiisha kibali chake nacho kinaisha.

Je, ni kweli basi kwamba mwaka wa kujitolea ni mlango wa kubaki? Hapa ukweli una pande mbili, na wanaouliza hupenda kusikia upande mmoja. Ni kweli kwamba wengi humaliza mwaka wakiwa wamepata mkataba wa mafunzo ya kazi, hasa ya uuguzi, ambayo huchukua miaka mitatu na ambayo tangu mwaka 2020 yameunganisha uuguzi wa wagonjwa, wa wazee na wa watoto katika mtaala mmoja. Aliyekwisha kuonekana akifanya kazi ana nafasi nzuri kuliko barua iliyotumwa kutoka mbali. Lakini hiyo si haki inayokuja yenyewe. Ni lazima apate shule au hospitali itakayompokea, afikishe Kijerumani kinachotakiwa, ambacho katika uuguzi kwa kawaida ni ngazi ya B1 au B2 (ngazi za lugha huanzia A1, ya wanaoanza, hadi C2), na aombe kibali kipya kabla cha kwanza hakijakwisha. Asiyeanza kushughulikia hayo katikati ya mwaka huwa amechelewa. Na anayebaki bila kibali akitumaini mambo yatajipanga, huharibu hata uwezekano wa kurudi kihalali baadaye.

"Bila ajenti huendi popote"

Hili halihitaji maneno mengi. Nafasi za BFD na FSJ huombwa moja kwa moja kwa kituo chenyewe au kwa shirika linalosimamia vituo kadhaa, kwa barua, wasifu na vyeti, na mahojiano mara nyingi hufanywa kwa video. Mkataba wa BFD huwa na upande wa tatu, ambao ni idara ya serikali ya Ujerumani yenye makao yake Köln, kwa hiyo karatasi isiyo na sahihi ya idara hiyo bado si mkataba uliokamilika. Gharama za kweli zinajulikana: pasipoti, cheti cha tabia njema kinachoombwa kupitia eCitizen, alama za vidole zikichukuliwa katika Huduma Centre, mtihani wa lugha, ada ya viza ya muda mrefu ambayo kwa kawaida ni yuro 75, na safari ya takriban kilomita 350 hadi ubalozini Nairobi. Anayedai laki mbili "za kufungua faili" aulizwe faili hilo liko katika ofisi gani.

Wapo wanaodhani pia kwamba ni lazima kuonyesha akaunti yenye zaidi ya yuro 11,000. Sharti hilo huwahusu wanaokwenda kusoma chuo kikuu kwa gharama zao. Kwa anayejitolea, kinachoangaliwa kwanza ni mkataba: posho, malazi, chakula na bima.

"Kiingereza kinatosha, Wajerumani wamesoma"

Wamesoma, ndiyo, lakini mkazi wa makao ya wazee mwenye miaka 88 si mpokea wageni wa hoteli. Fikiria zamu ya asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu kijana anagonga mlango, anaingia, anawasha taa. Mzee anazungumza kwa lafudhi ya kijijini kwake, meno yake bado yamo kwenye glasi ya maji mezani, na anachokisema kinaweza kuwa kwamba anataka chai, au kwamba nyonga inamuuma, au kwamba jana usiku alianguka. Aliyefaulu A1 anajua kutaja jina lake, nchi yake na idadi ya ndugu zake. Hajui kutofautisha hayo matatu, na kutofautisha hayo ndiyo kazi yenyewe. Vituo vingi hutaka angalau A2 au B1 kabla ya kumpokea mtu, na wanaolegeza mkono kwenye sharti hilo hawamsaidii kijana. Miezi minne au mitano zaidi ya kusoma lugha hapa nyumbani, anapokula ugali wa mamake, ni rahisi kuliko kuisoma huko akiwa amechoka na kila sentensi inampita.

"Wanakwenda kutumikishwa"

Hofu hii ya wazazi ina chanzo, kwa maana habari za mateso ya wafanyakazi wa nyumbani katika nchi za Ghuba zimewafikia watu wengi. Hata hivyo mambo haya mawili hayafanani. Sheria ya Ujerumani inasema anayejitolea asichukue nafasi ya mwajiriwa, anasaidia, hasimamii. Kumlisha mkazi, kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu, kutandika, kucheza naye karata, hayo ni yake. Kudunga sindano au kuachwa peke yake na wadi nzima usiku si yake. Aliye chini ya miaka 27 ana siku 25 za semina katika mwaka, ambazo zimo ndani ya huduma na hazikatwi likizoni, na huko hukutana na wenzake pamoja na msimamizi asiye wa kituo kile. Huyo ndiye wa kuambiwa mambo yakienda mrama, na namba yake iwe imehifadhiwa kabla ya kupanda ndege. Sisemi kwamba vituo vyote vinafuata sheria. Vipo vinavyokosa wafanyakazi na kumgeuza kijana kuwa mfanyakazi wa bei nafuu, na kwa sababu hiyo ni muhimu ajue kilichoandikwa.

Kuna na dhana ya kinyume chake, kwamba kujitolea ni shughuli ya wazungu. Inaeleweka ilikotoka: tangu miaka ya 1960 wazee wetu waliwaona vijana wa Peace Corps, mpango wa kujitolea wa serikali ya Marekani, wakifundisha hisabati na sayansi katika shule za vijijini, hadi mpango huo uliposimamishwa nchini mwaka 2014 kwa sababu za usalama. Lakini hata weltwärts, mpango wa Kijerumani ulioanza mwaka 2008 kwa kuwapeleka vijana wao nchi za kusini, tangu mwaka 2013 umekuwa ukiwapokea vijana wa kwetu pia, na katika mpango huo nauli, bima na malazi hugharamiwa.

Kuhusu upweke, watu husema baridi ndiyo mbaya. Baridi ina koti. Giza ndilo linalowashangaza wale waliokulia karibu na Ikweta, ambayo kwetu hupita pale Maseno, ambako jua halijui kuchelewa. Mwezi wa Disemba, mjini Berlin, jua hutua kabla ya saa kumi alasiri na huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na anayefanya zamu ya mchana anaweza kukaa siku kadhaa bila kuliona. Ugonjwa wa kukosa nyumbani huja wakati huo zaidi kuliko wiki ya kwanza, ambayo kwa kawaida huwa imejaa mambo mapya. Wanaokabiliana nao vizuri ni wale waliojiunga mapema na kwaya, timu ya mpira au kanisa la mtaani.

Mwisho, si kweli kwamba mwaka huo "hauhesabiwi" mtu akirudi. Anayemaliza ana haki ya kupewa cheti kinachoeleza aina na muda wa huduma, na anaweza kuomba kitaje pia utendaji na mwenendo wake. Kiombwe wiki kadhaa kabla ya siku ya mwisho, kisomwe neno kwa neno, na makosa ya jina yasahihishwe palepale, kwa sababu kulisahihisha jina kutoka Nyalenda kwa barua pepe kunaweza kuchukua miezi, na mwajiri wa Kisumu hatasubiri.