Choo cheupe, siku ya 41

Wiki jana mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, alinifunulia nepi ya mwanawe wa siku 41. Choo kilikuwa cheupe kama ugali wa muhogo, na macho ya mtoto ya manjano. Alikuwa ameambiwa amwoteshe jua la asubuhi. "Dokta, si maziwa tu haya?"

Hapana, mama. Mirija ya nyongo ikiziba, jua halisaidii kitu. Nyongo hukosa njia, hulirudia ini na kulichakaza. Wasiotibiwa wengi hawafikishi miaka 2. Ugonjwa huu ndio unaopeleka watoto wengi zaidi kwenye upandikizaji wa ini. Upasuaji wa Kasai, wa kuunganisha utumbo na ini moja kwa moja, hufaa zaidi kabla ya siku 60. Ndiyo maana nilihesabu siku zake kabla hata ya kumgusa tumbo.

Akipandikizwa, ataishi? Wazazi wote huuliza hilo. Mwaka 1963, daktari mpasuaji Thomas Starzl alimpandikiza ini mtoto wa miaka 3 kule Denver, Marekani; mtoto akafia kwenye meza ya upasuaji. Leo, katika vituo vyenye uzoefu, zaidi ya watoto 90 kati ya 100 wako hai mwaka mmoja baadaye, na zaidi ya 80 baada ya miaka 5. Lakini namba hizo huwahesabu waliofika mezani. Aliyefia hapa Bukavu ukoo ukichanga nauli ya kwenda kupandikizwa India hayumo.

Mtoaji wa ini huwa mara nyingi baba au mama mwenye kundi la damu linalopatana. Hukatwa kipande cha kushoto, na ini lake hukua tena. Kwa mtoto, hatari kubwa ni miezi ya kwanza: ateri ya ini ni nyembamba mno, na damu ikiganda humo ini laweza kufa.

Kisha ni takrolimasi, dawa ya kuituliza kinga ya mwili isilishambulie ini jipya, saa moja asubuhi na saa moja jioni, miaka nenda miaka rudi. (Wanaoninyima usingizi ni vijana: wanajiona wamepona, wanaiacha.) Mgonjwa wangu mmoja aliandikiwa rifampisini ya kifua kikuu kwenye zahanati fulani, bila kuulizwa anatumia dawa gani. Rifampisini huufanya mwili uivunje takrolimasi upesi. Kinga ikaamka, ikaanza kulishambulia ini. Tuliwahi. Siku hizi mama yake, akiingia kwa mganga yeyote, huweka kopo la dawa mezani kabla hajasalimu.