Kikanda moja mu chupa, eti imeokoka?

Wiki hii tena mama moja amefika ku labo yetu ya kukuza mimea mu chupa na kiazi cha kikanda, ile okidi ya porini tunayokula, mu sashe, udongo bado unakishika, anasema, "Papa, mutie hiki mu chupa, kizae maelfu, kikanda haitaisha tena." Nikacheka juu ya heshima, lakini nimechoka, hapa Lubumbashi hayo maneno nayasikia kila mvua.

Kipande cha mmea moja ukikizalisha mu chupa utapata maelfu, ndiyo, lakini yote ni kopi ya ule ule moja, ugonjwa ukiua moja unaua yote, halafu kule porini ulikochimba umebakisha shimo, umeng'oa mmea mama mbegu zake hazijaiva. Hiyo ni kuokoa gani? Mimi nasemaga hivi: kiazi ubakie nacho wewe, pika na karanga zako, mimi niletee tunda bichi, lile la kijani lisilopasuka, moja moja ku mimea mbalimbali, kumi, ishirini, mengine uyaache yamwage mbegu. Mule ndani kuna mbegu maelfu, ndogo kama vumbi, kila moja na damu yake, na sababu tunda halijapasuka uchafu haujaingia, unaosha ganda na javeli, unapasua, unamwaga mbegu ku agari, ile jeli ya mu chupa, yenye sukari. Porini mbegu hizo hazina akiba ya chakula, zinalishwa na ukungu wa udongo, mu chupa sukari inafanya ile kazi, mtaalamu wa mimea Knudson alionyesha hivyo Marekani tangu 1922. Mimi lakini ukungu wenyewe njo ninapenda, mmea unarudi porini na mwenzake.

Eti ni OGM, mmea wenye jeni zilizobadilishwa? Hakuna jeni tuliyogusa. Tuendelee.

Eti seli za mmea wa dawa mu chupa zinatoa dawa ile ile? Mara nyingi zinaitengeneza kidogo sana, ao zinaacha kabisa. Wajapani waliweza na shikonini, rangi nyekundu ya mizizi, miaka ya 1980, taksoli, dawa ya kansa, nayo inatoka mu matangi ya seli, lakini ni kazi ya miaka, si ya wiki mbili.

Na eti ikitoka mu chupa unapanda tu. Majani yamezoea unyevu, nta yao ni nyembamba, vitundu vyao vya pumzi havijui kujifunga. Osha agari yote, funika na sashe, funua kidogo kidogo wiki mbili tatu. Kijana moja nilimpa chupa sita, akazipanda Ijumaa ku jua la saa sita, Jumatatu ananipigia simu eti nimemuuzia mimea mibovu.