Kurasa 16 Zilizokosekana

Nina madaftari sita makubwa ya jalada gumu, yale ambayo maduka ya Kampala huyaita kaunta buku. La kwanza nililianza mwaka 2014. Kila nilipomaliza kitabu niliandika nilikipata wapi, kilinigharimu shilingi ngapi na kiliniacha vipi. Baadaye jirani mmoja akaniomba nimsomee nilichoandika, akaja na mwenzake, tukawa kikundi. Tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Wandegeya, chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ofisi, kwa chai ya tangawizi na chapati. Tangu hapo nimesikia mengi yakisemwa kuhusu watu wa mji huu wanaosoma vitabu na kuvihakiki. Mengi si kweli, na baadhi yake niliyaamini mimi mwenyewe.

“Uganda watu hawasomi”

Hili nimelisikia zaidi ndani ya teksi, na mara nyingi msemaji ana gazeti la Bukedde kwapani, limeshakunjwa na kukunjuliwa hata wino umehamia kwenye vidole.

Wanaopenda kulipa shutuma hiyo sura ya kisomi humtaja mwandishi Taban lo Liyong, ambaye mwaka 1965 alilalamika kwamba Afrika Mashariki ni kame kifasihi. Ila yeye alikuwa anawasuta waandishi. Msomaji hakuwa mshtakiwa. Na hata ukame wenyewe una walakini: Kampala ilikuwa na jarida la Transition tangu 1961, na Juni 1962 Chuo cha Makerere kiliwapokea Chinua Achebe, Wole Soyinka na wengine wengi katika mkutano wa waandishi wa Afrika, huku Ngũgĩ wa Thiong’o akihudhuria akiwa bado mwanafunzi wa hapo hapo.

Kinachomzuia mtu wa hapa ni bei, na shule. Riwaya mpya dukani inaweza kumeza posho ya siku kadhaa. Na shule zetu zimemzoesha mtoto kwamba kitabu ni kitu cha kujibia mtihani, kwa hiyo karatasi ya mwisho ikikusanywa, kitabu nacho kinaachwa hapo mlangoni. Nenda basi kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa barabarani katikati ya mji, saa kumi na moja jioni, uhesabu waliosimama wakisoma bila kununua. Muuzaji wangu huwaacha. Anasema anayesoma kurasa kumi akiwa amesimama atarudi mwisho wa mwezi.

“Kiswahili hakina wasomaji hapa”

Hapa nitakaa kidogo, maana neno hili limenifuata tangu utotoni. Nilikulia kambini. Baba alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili chetu tulikiokota kando ya uwanja wa gwaride, kikiwa na amri nyingi kuliko salamu. Nje ya geti lugha hiyo ilinuka bunduki. Mtu akiisikia usiku nje ya nyumba yake, alizima taa. Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa waliopitia miaka ile na iliyofuata, Kiswahili kilikuwa sauti ya kizuizi cha barabarani. Siwalaumu. Hadi leo nikimwambia mzee wa Mengo kwamba nasoma mashairi ya Kiswahili, ananitazama kama niliyesema nanywea chai kwenye kofia ya chuma.

Kwenye makaratasi mambo ni mazuri. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kukitumia kama lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Makaratasi hayamfanyi mtu afungue kitabu, lakini watu wangu wapo, na hawakungoja mawaziri. Yupo Afande, mstaafu wa kambi ya jeshi ya Bombo, anayesoma akiwa amekaa wima kama anakaguliwa. Yupo mama anayeuza vitenge, aliyejifunzia Kiswahili mpakani Busia kwa kukataa bei. Yupo kijana Mkongomani aliyekuja na Kiswahili cha Bukavu, na huyo ndiye anayetupa ugomvi mtamu. Akisoma kwa sauti hutamka “mayi”, Afande anamkatiza, “maji!”, na mama wa vitenge akichoka nao anasema “amazzi”, tuendelee.

Kuna jambo moja la ule mkutano wa Makerere ambalo huwa nalisimulia kila anapokuja mgeni. Ulikuwa mkutano wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa na vitabu kuliko wengi wa wageni waalikwa, alikuwa nchi jirani, Tanganyika, na hakualikwa. Alifariki mwezi huo huo wa Juni 1962. Ngũgĩ alikuja kuliandika hilo miaka mingi baadaye. Afande alipolisikia kwa mara ya kwanza alinyamaza, akaweka kikombe chini, akasema: “Mwenye shughuli yuko hapo jirani, wao wakapeleka kadi mpaka Lagos.”

“Song of Lawino uliandikwa kwa Kiingereza”

Hapana. Mshairi wetu Okot p’Bitek aliutunga utenzi huo, wa Lawino, mke anayemlalamikia mumewe msomi, Ocol, kwa Kiacholi, akautafsiri mwenyewe. Tafsiri ndiyo iliyotangulia kutoka, Nairobi, mwaka 1966; utenzi wenyewe wa Kiacholi ukachapwa mwaka 1969. Mtoto alifika mjini kabla ya mama yake. Okot alikiri mwanzoni mwa kitabu kwamba kwa kuutafsiri amempunguza tai mabawa. Sisi tunausoma pia kwa Kiswahili, katika tafsiri ya Paul Sozigwa, na tai bado anaruka.

Kuzaliwa ugenini ni hadithi ya vitabu vyetu vingi. Riwaya ya kwanza ya Moses Isegawa ilitoka kwanza kwa Kiholanzi, mwaka 1998. Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi, ambayo huwezi kuitenganisha na ardhi ya Buganda, ilitolewa Nairobi mwaka 2014. Wachapishaji wa Kampala wapo, Fountain tangu 1988, na chama cha waandishi wanawake, FEMRITE, tangu katikati ya miaka ya 1990. Kwa hiyo anayesema kitabu si cha Uganda kwa kuwa hakikuchapwa Uganda atabaki na rafu fupi sana.

“Ukipewa kitabu bure, umenunuliwa”

Kidogo ni kweli. Ndiyo maana juu ya ukurasa huandika “nimepewa” kwa wino mwekundu. Nimegundua kwamba vitabu vya wino mwekundu navisifu zaidi kwenye mistari mitatu ya kwanza, kisha naanza kusema kweli. Siku hizi wenzangu huomba nianzie mstari wa nne.

“Kikundi kinachokua ni kile kinachoongezeka”

Tulianza wanne. Mwaka 2017 tulifika thelathini na wanne, viti vikaazimwa msikitini, na nikajivuna. Ule ndio mwaka ambao madaftari yangu ni makavu kuliko yote. Watu thelathini na wanne hawazungumzi juu ya kitabu, wanahutubia. Kila mmoja alikuwa na dakika mbili, na dakika mbili hutosha kusema “nimekipenda” na kushukuru waandaaji. Hakuna aliyemkatiza mwenzake, na kwetu sisi kukatizana ndiyo kazi yenyewe.

Kisha tukapungua, wala si kwa hekima yetu. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na sisi mawasiliano yetu yote yalikuwa huko. Mia mbili si hela, utasema. Ni chapati ya anayeishi kwa kibarua. Wengine wakatoweka taratibu. Machi 2020 ikaja karantini, na shule zikafungwa karibu miaka miwili, hadi Januari 2022. Tulibaki tisa. Tulisomeana kwa simu za kawaida, sura moja kwa jioni, kila mtu akichangia muda wa maongezi. Kodi ile iliondolewa Julai 2021, ikaletwa nyingine ya asilimia 12 juu ya bando za intaneti, lakini wakati huo tulishazoea simu ya sauti. Hao tisa ndio tuliopo mpaka leo, pamoja na wageni wa kuja na kuondoka. Daftari la nne, la miaka hiyo, ndilo nene kuliko yote.

“Mhakiki mzuri habadili neno lake”

Hili nililiamini kwa dhati. Niliona kubadili maoni ni kama kurudisha nguo dukani baada ya kuivaa.

Daftari la kwanza, ukurasa wa 11, kuhusu Lawino: “Lawino ana haki. Ocol ni kasuku wa Wazungu.” Na nimepiga mstari chini, mara mbili. Daftari la tatu, baada ya kusoma Song of Ocol, jibu la mume ambalo Okot alilitoa mwaka 1970, mwandiko umetulia kidogo: nimeandika kwamba Lawino naye ni fundi wa matusi, na kwamba Clementine, au Tina, yule mwanamke wa mjini wa Ocol anayechekwa kwa poda na midomo iliyopakwa rangi, hapewi hata mstari mmoja wa kujitetea. Daftari la tano nimeandika kurasa mbili nzima kuhusu ukoloni, elimu na utumwa wa akili. Nilizisomea kikundi kwa sauti ya mwalimu. Nilipomaliza, mama wa vitenge akauliza kama anaweza kusema kitu.

“Mwalimu, huyu mama hana ugomvi na Wazungu. Ana ugomvi na mke mwenza.”

Tulicheka mpaka mwenye duka akaja kuchungulia. Lakini usiku nilirudi kwenye kitabu, na kweli, hata pale Lawino anapozungumzia saa ya ukutani au dini, jicho lake moja liko kwa Tina. Hoja zangu za ukoloni hazikufa, ila zilikuwa zimeketi kwenye kiti cha mtu mwingine. Niliandika sentensi ya mama pembeni ya kurasa zile mbili. Sikufuta kitu. Anayepitia madaftari yangu leo ataona watu wanne tofauti wakigombana juu ya utenzi mmoja, na wote wana mwandiko wangu.

“Alichosoma mhakiki ndicho mwandishi alichoandika”

Hili halisemwi na mtu yeyote. Linadhaniwa tu, na ndilo lililoniumbua.

Mwaka 2016 nilinunua riwaya ya mtumba kwa shilingi 5,000 karibu na kituo cha teksi. Sitaitaja, wala mwandishi wake, maana kosa halikuwa lao. Karibu na katikati, msichana mmoja muhimu anaondoka nyumbani kwenda kuchota maji. Ukifungua ukurasa unaofuata watu wamerudi kutoka mazishini, na hakuna anayesema amezikwa nani. Nikaandika kwa ukali: mwandishi ni mvivu, anamuua mhusika nyuma ya pazia, anamwachia msomaji kazi yake. Nikakisomea kikundi, tulipokuwa wengi. Wakapiga makofi. Wawili wakaniambia wameghairi kukinunua.

Miaka mitatu baadaye nilikipeleka kitabu kile Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, kibandikwe mgongo upya. Fundi alikishika, akapitisha kidole gumba pembeni mwa kurasa kama anayehesabu noti, akasema: “Mwalimu, hiki kina pengo.” Akanionyesha. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi moja kubwa huchapwa pande zote mbili, hukunjwa mara tatu, inatoa majani manane, yaani kurasa 16. Mikunjo hiyo hupangwa mmoja juu ya mwingine, hushonwa au kupakwa gundi. Mkunjo mmoja ukisahaulika mezani, zinakwenda kurasa 16 kwa mpigo, na kwa kuwa hakuna kilichochanika, jicho halioni. Cha kwangu kilitoka ukurasa wa 96 kikaingia wa 113. Namba zilikuwa pale siku zote. Nilikuwa nimezisoma kurasa zile mara mbili.

Nakala nzima niliipata kwa taabu, kwa mwalimu mmoja wa Mbale aliyekubali kuniazima kwa sharti kwamba isipite kwenye basi bila mtu. Mkongomani wetu akaenda kuichukua. Niliisoma ile sehemu nikiwa nimesimama jikoni. Kifo cha yule msichana kimeandikwa chote, polepole, kwa kurasa 14, na ni ukurasa bora baada ya ukurasa bora. Kile nilichokiita uvivu ndicho mwandishi alichokitolea jasho zaidi ya sehemu yoyote ya kitabu.

Nimeiacha hukumu yangu ya 2016 kwenye daftari la pili kama ilivyo, na juu yake nimeandika namba tu: 97–112. Wale wawili walioghairi nilimpata mmoja. Wa pili alihama. Mwandishi nilimwandikia barua, hajajibu, na sioni kwa nini ajibu.

Jumamosi iliyofuata sikusoma uhakiki. Nilisoma kurasa zenyewe, kuanzia ya 97. Hakuna aliyemkatiza mwenzake, hata Afande. Chai ilipoa na utando ukatanda juu. Nilipofika 112 nikafunga kitabu, na Afande akaniomba nirudi kwenye ya 104, pale msichana anapoweka mtungi chini.