Filta moja inatosha: kamera ndogo chini ya jua la Kisumu

Vijana wanaoanza kupiga picha hapa Kisumu huniuliza kama kamera ndogo, ile ambayo lenzi yake haibadilishwi, inahitaji filta, kile kioo cha kuvalishwa mbele ya lenzi. Inahitaji, lakini moja tu, na kwa kawaida si ile waliyouziwa dukani. Ya dukani huwa ni ya UV, yaani ya kuzuia miale ya urujuanimno. Kihisi cha kamera ya kidijitali tayari kina kioo mbele yake kinachozuia miale hiyo, kwa hiyo filta ya UV haitakuongezea chochote kwenye picha. Ukiivaa, ivae kama kinga na basi.

Kinga yenyewe siidharau. Mwenye kamera kubwa akikwaruza lenzi anatafuta lenzi nyingine. Wewe ukikwaruza yako, umekwaruza kamera nzima. Fujifilm X100V na X100VI ndiyo mfano mzuri: hazihesabiwi kuwa zimezibwa dhidi ya vumbi na mvua mpaka uvalishe lenzi pete ya AR-X100 na juu yake filta ya milimita 49. Hapo filta ni sehemu ya kamera, na mvua zetu za alasiri zinazotoka ziwani hazibishi hodi. Ricoh GR III nayo lenzi yake hutoka nje ukiiwasha na kurudi ndani ukiizima, na vumbi huingia humo humo. Ina adapta ya GA-1, mrija unaoizunguka lenzi na kupokea filta za milimita 49 vilevile. Shida ni kwamba ukishaifunga, kamera haiingii tena mfukoni, na wengi waliinunua kwa sababu ya mfuko. Sony RX100 haina hesi kabisa mbele ya lenzi. Huko unabandika pete ya gundi au ya sumaku, na ikibandikwa upande imeshakuwa upande. Jambo la kufurahia ni kwamba filta za milimita 49 ni za bei nafuu kuliko zile sahani za lenzi kubwa, kwa hiyo nunua iliyo bora.

Sasa hiyo moja. Ni polaraiza, filta yenye pete inayozunguka, ya kuondoa mng'ao.

Sababu ni kwamba kazi nyingine zote za filta unaweza kuziiga baadaye kwenye kompyuta, au kamera inazifanya yenyewe. Filta nyekundu na ya njano za picha nyeusi na nyeupe, kwa mfano, usizinunue. Fujifilm wameziweka ndani ya menyu. Lakini mng'ao uliofunika kitu hauondoki kwa programu, maana kilichofichwa chini yake hakikurekodiwa. Simama kwenye gati la Dunga, hapa Kisumu ziwani, utazame maji yaliyo hatua mbili tatu mbele yako, kisha zungusha pete ya polaraiza taratibu. Weupe wa anga juu ya maji unayeyuka, unaanza kuona mizizi ya gugumaji ikining'inia chini. Zungusha tena robo duara, weupe unarudi. Pembe ya kutazama nayo ni muhimu: kwenye maji, filta hufanya kazi kwa nguvu zote ukitazama kwa nyuzi kama 37 kutoka usawa wa maji. Ukitazama mbali kuelekea upeo, nguvu inapungua. Na kwa mabati mapya usijisumbue, kwani mng'ao wa chuma hautii polaraiza.

Majani ndiyo yanayonifanya niibebe hata siku ya mawingu. Msitu wa Kakamega baada ya mvua, au mashamba ya chai ya Kericho, kila jani lina kipande cha anga juu yake, na picha inatoka na kijani kilichopauka. Geuza pete, kijani chenyewe kinajitokeza. Watu hukimbilia kuongeza rangi kwenye simu, wakapata kijani cha plastiki.

Kuhusu anga, hapa ndipo ushauri tunaousoma unapotupotosha, kwa sababu sehemu kubwa yake imeandikwa Ulaya, ambako jua halifiki utosini. Mwanga unaozimwa na polaraiza umejaa kwenye ukanda wa anga ulio nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Kuupata ni rahisi: elekeza kidole cha shahada kwenye jua, simamisha kidole gumba, kisha zungusha mkono bila kukitoa kidole cha shahada kwenye jua. Popote kidole gumba kinapoelekea, ukanda upo. Asubuhi na jioni unapita juu ya kichwa chako kutoka kaskazini hadi kusini. Ndiyo maana kutoka Dunga asubuhi, ukielekeza kamera magharibi jua likiwa mgongoni, utazungusha pete mpaka uchoke na anga halitabadilika. Geuka kusini, upande wa Kendu Bay, ndipo buluu inakolea. Nakuru ni yale yale: ukiwa juu ya Baboon Cliff jioni unatazama mashariki, jua liko nyuma yako, filta irudishe mfukoni.

Lakini sisi tunaishi kwenye Ikweta, na alama yake iko pale Maseno kando ya barabara ya Busia. Machi na Septemba, kuelekea saa saba mchana, jua linasimama utosini, na ukanda ule unalala kuzunguka upeo wote. Kwa muda huo mfupi kila upande unaotazama una anga la kukolea, tena kwa usawa, bila ile hali ya upande mmoja mweusi na mwingine mweupe inayoharibu picha pana. Ile saa ambayo mafunzo mengi yanakukataza kupiga mandhari ndiyo saa ya polaraiza kwetu. Nyuso za watu, hapana. Lakini Menengai ukichungulia chini ya kreta, mchana huo huo, ukungu mwembamba unapungua na miamba inaonekana.

Tahadhari tatu, na ya kwanza ni ya X100. Kioo chake cha kutazamia cha kawaida hakipiti kwenye lenzi, hivyo utazungusha pete bila kuona tofauti yoyote. Badilisha kiwe cha kielektroniki au tumia skrini. Ya pili ni gari. Vioo vya pembeni vya gari huonyesha madoadoa na mistari ya rangi chini ya polaraiza, kwa hiyo ndani ya mbuga ya Nakuru ama ushushe kioo, ama uvue filta. Halafu upinde wa mvua: pete ikikaa vibaya, kipande cha upinde kinafutika, na unabaki ukijiuliza kwa nini jirani yako ameupata mzima.

Ngozi nitaisemea peke yake, kwa sababu sioni wengine wakiisema. Ngozi nyeusi hujengwa na mng'ao: kwenye paji la uso, mfupa wa shavu, bega. Polaraiza iliyozungushwa hadi mwisho inaupangusa wote, uso unabaki bapa kama umepakwa masizi. Mimi nikipiga bibi harusi nje, huanza pale mng'ao ulipo mwingi kabisa, kisha naupunguza kidogo tu hadi jasho litulie na umbo libaki. Mara nyingi naishia kuivua.

Polaraiza hula mwanga, stopu moja hadi mbili, na kila stopu ni nusu ya mwanga. Kamera inafidia yenyewe, ila chunga mwendo wa shata usije ukashuka mashua inapopita.

Filta ya ND, ile ya kijivu ya kupunguza mwanga, huenda tayari unayo bila kujua. X100V na X100VI zina ya stopu nne ndani ya lenzi, X100F ina tatu, GR III ina mbili. RX100 za alama III hadi V zina tatu, lakini VI na VII hazina. Umuhimu wake uone kwa hesabu. Jua kali la mchana, ISO 160 (kipimo cha wepesi wa kihisi kupokea mwanga), lenzi ikiwa imefungwa hadi f/16, tundu dogo, shata ni kama 1/160 ya sekunde. Ukitaka kuifungua hadi f/2 ili nyuma ya mtu kufifie, hizo ni stopu sita, unatakiwa 1/10000. Shata ya kimakenika ya X100V inaishia 1/4000. Washa ND ya ndani, unashuka hadi 1/640, na kwa kuwa shata iko ndani ya lenzi, flashi bado inaitikia kwa mwendo huo. Anayetaka maji ya maporomoko ya Nabuyole kule Webuye yatoke kama hariri, aongeze ND64, ya stopu sita, kwa nje: sita na nne ni kumi, na 1/125 inakuwa sekunde nane. Tripodi lazima.

Kabla ya kulipa, ipime polaraiza palepale dukani. Isogeze mbele ya skrini ya kompyuta, upande wa mbele ukitazama skrini, uizungushe. Isipotia giza, umeuziwa kioo cha kijivu. Kisha simama mbele ya kioo cha kujitazamia, upande wenye hesi ukielekea kioo, na uitazame filta iliyo ndani ya kioo kupitia ile uliyoshika. Polaraiza ya kweli ya aina iitwayo ya duara (CPL) inaonekana nyeusi. Ukiigeuza, inakuwa angavu.

Usiku ivue, taa za barabarani hujirudia kwenye kioo bapa na kuacha vivuli vya kijani. Vumbi la magadi la Nakuru lipulize kwanza kwa pampu ndogo ya mpira kabla kitambaa hakijagusa kioo. Na filta ikigoma kutoka, usiibane kwa vidole viwili, inapinda na kukaza zaidi. Zungushia mpira mwembamba wa kufungia noti, ishike kwa kiganja, igeuze polepole.