Mdundiko ukipanda jukwaani: namna ngoma zinavyopangwa Bagamoyo

Wageni wanaokuja Bagamoyo kutafuta sanaa huuliza kwanza tamasha ni lini. Lipo, la kila mwaka, na limeanza tangu miaka ya themanini. Siku zake nyumba za wageni hujaa. Lakini mtu anayetaka kuielewa sanaa ya mji huu namshauri aje siku za kawaida, aone kundi likihangaika na ngoma moja wiki nzima kuitoa uwanjani na kuiingiza ukumbini. Mimi ni mpangaji wa ngoma, na kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Chuo cha Sanaa kilifunguliwa hapa 1981. Sasa kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Waliokuja kufundisha na kusoma walitoka mikoa mbalimbali, kila mmoja na ya kwao, ndiyo maana katika mji wa pwani, wa Wakwere, Wazaramo na Waswahili, utasikia zeze la nyuzi na ilimba ya kupigwa kwa vidole gumba, ala za Wagogo. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo mzaliwa wa Dodoma, aliishi hapa hadi alipofariki 2003, na ukoo wake bado unapiga.

Sasa chukua mdundiko wa Wazaramo. Ni ngoma ya kutembea. Mwali akitolewa, ngoma inapita mitaani na kila inapopita inazoa watu. Aliyekuwa anachungulia dirishani dakika moja iliyopita sasa yumo ndani, kanga kiunoni. Haina mbele wala nyuma, ina njia tu. Jukwaa halina njia. Kwa hiyo tunawaingiza wachezaji kupitia katikati ya watazamaji, tunawazungusha, kisha tunaufungua mduara uwe nusu duara, maana wanaotazama wako upande mmoja.

Muda nao ni kazi nyingine. Mtaani wapigaji hukaa na mdundo uleule mpaka watu wapandwe na mori. Ukumbini tunapewa dakika saba au nane, basi mpigaji kiongozi inambidi agonge ishara ya kubadili mtindo mara kwa mara, na wachezaji waijue kwa sikio, bila kumtazama. Katika muheme wa Kigogo, wanawake huzibana ngoma katikati ya mapaja. Ukiwaweka nyuma ya wachezaji, kama ilivyo desturi ya jukwaa kwa wapigaji, mikono yao haionekani, na mikono hiyo ndiyo nusu ya utamu. Mimi huwaweka mbele kabisa.

Ngoma ya watoto haikeshi, walisema wahenga; basi hizi zetu nazo ni za watoto. Wako wazee wanaosema tumeziua. Mimi naona kinachopungua zaidi ni majibizano: mama kuingia uwanjani na vigelegele, kutuza, kumtania mpigaji naye akamjibu kwa ngoma. Makofi ya mwishoni hayafidii hilo. Lakini kufupisha peke yake hakujaua ngoma yoyote niliyoiona. Kinachoniudhi ni haraka. Kila kundi linakimbiza mdundo, linachomeka sarakasi, na mwisho ya Wagogo na ya Wazaramo zinakuwa kitu kimoja chenye sare tofauti. Mgogo hutikisa mabega, Mzaramo kiuno. Ukikimbiza mno, vyote viwili vinageuka kurukaruka.

Halafu kuna bahari. Jioni unyevu hulegeza ngozi, na ngoma iliyokuwa ikilia vizuri mchana inakuwa na sauti ya boksi. Wapigaji huwasha moto wa makuti nyuma ya ukumbi, wanazielekeza ngozi kwenye joto, wanazigonga kwa vidole, wanazirudisha tena. Ikizidi, ngozi inapasuka. Kwa hiyo ukiona onyesho limechelewa, usikimbilie kuwalaumu waandaaji. Huenda msondo, ile ngoma ndefu, bado haujakaza, na hakuna mpigaji wa hapa atakayekubali kuanza kabla haujakaza.