Pikipiki yako ukiwa safarini: nani hapo anajua kuwa ni yako?

Wakuu salama? Mimi ni fundi umeme wa pikipiki hapa Dar, muda mwingi nashinda na alamu, GPS na nyaya zilizovurugwa, na hizo zilizovurugwa nyingi ni za vyombo vilivyoibiwa vikapatikana, kwahiyo nikifungua tu kava naona mwizi alipita wapi. Sasa Desemba ikikaribia simu zinakuwa nyingi, mtu anataka kupanda na Boxer yake mpaka Moshi au kushuka nayo Mbeya akale sikukuu na wazee, na ombi ni lile lile, fundi nifungie kitu ambacho mwizi hawezi kukitoa. Hicho kitu mi sina na hakuna fundi anacho. Kinachofungwa kinafungulika, wanachotofautiana ni muda, kingine dakika moja kingine kumi, na hizo dakika hazina faida kama hakuna mtu anayeangalia.

Fikiria pikipiki ikiwa mtaani kwako. Mama wa genge anaijua, vijana wa kijiweni wanaijua mpaka mlio wa ekzosti, mgeni akiikalia tu anaulizwa we nani na mwenyewe yuko wapi. Ukifika Korogwe au Makambako ulinzi huo wote umeuacha nyumbani. Jamaa anaweza kuisukuma pikipiki yako katikati ya stendi watu wamejaa na kila mtu akajua anasukuma ya kwake imeishiwa mafuta, wengine watamsaidia kabisa kuipandisha kwenye mtaro. Ndo maana nasema wizi wa safarini siyo lazima usiku wa manane, mchana kweupe umeingia kula ugali kwa robo saa inatosha.

Tuanze na chombo chenyewe. Hizi za cc 125 na 150 tunazoendesha wengi wetu, za kabureta, swichi yake ya ufunguo haikutengenezwa kupambana na mtu aliyekusudia. Kwenye mfumo wa CDI, kile kiboksi kinachopigisha plagi moto, wa pikipiki nyingi za aina hii ufunguo hauleti moto, unauzima tu, moto unatengenezwa na koili za mashine yenyewe hata betri ikiwa imekufa, so mwizi anayejua kazi hana shida na ufunguo wako. Loki ya usukani nayo ni kipini kidogo cha chuma, ukikutana na kijana mwenye nguvu zake anakivunja kwa kuukata usukani upande mmoja kwa nguvu, nimebadilisha za hivyo nyingi tu. Na wengine hata hawahangaiki na hayo, wanakuja watu wawili watatu wanaibeba juu juu wanaitupa kwenye kirikuu wanaondoka, kuwasha watawasha mbele ya safari. Kwahiyo loki ya usukani ifunge, ndiyo, ila usiite ulinzi.

Ninachowafungia watu wanaosafiri ni swichi ya siri, na hapa naomba muwe makini kwa sababu mafundi wengi wanaiweka sehemu isiyo na maana. Wanakata waya ule ule unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, sasa kama mwizi anairuka swichi nzima si anairuka na siri yako humo humo? Siri inatakiwa ikae kwenye waya wa pulsa, ule unaoiambia CDI lini ipige moto, ukikatika huo hata apige kiki mpaka jasho limtoke plagi haichomi. Ila kazi hiyo haitaki ubabaishaji. Waya ukiunganishwa kwa kusokota na kufungwa solotepu utakuacha pale mlima Kitonga mashine inakohoa na malori yako nyuma yako, kwahiyo lazima lehemu ya kweli, mpira wa kubana, na swichi isiyoingiza maji. Na usimwonyeshe mtu ilipo, hata yule dogo anayekuoshea pikipiki.

Kuna kingine cha bure kabisa ambacho watu wanakidharau, koki ya mafuta. Ifunge kila unapoegesha. Mafuta yaliyobaki kwenye bakuli la kabureta yatamtosha kuwasha na kwenda mita mia kadhaa, afu inazima barabarani mbele za watu, na mwizi aliyezimikiwa na pikipiki ya wizi hana subira ya kukaa kutafuta tatizo. Ataitelekeza. Za injekta hazina hiyo koki, huko itabidi utegemee mengine.

Cheni na kufuli. Nunua nzito, ndiyo inaongeza mzigo, vumilia. Usipitishe kwenye tairi peke yake maana tairi linafunguliwa kwa spana moja na mwili unaondoka, pitisha kwenye fremu afu izungushe kwenye kitu kilichosimama imara, mti mzima, nondo za dirisha, nguzo ambayo huwezi kuinyanyua pikipiki ukaitoa kwa juu. Na cheni isilale chini kwenye sakafu, ikilala chini mtu anaweka mkono mmoja wa mkasi wa kukatia nondo ardhini na mwingine anaukandamiza kwa uzito wa mwili wote, au anaigonga kwa nyundo, ikiwa inaning'inia juu inamsumbua. Kufuli la disiki ni zuri kwa wenye breki ya disiki mbele, wenye breki za ngoma halikuhusu. Ila funga kamba ya rangi kali kutoka kwenye kufuli mpaka kwenye mpini wa breki, la sivyo asubuhi utaondoka umesahau na utajikuta uko chini.

Alamu za mtikisiko mi nauza ila nasema ukweli wake. Sehemu za barabara kuu kama Tunduma lori likipita inapiga kelele, bodaboda ikipita inapiga kelele, mpaka saa sita usiku wewe mwenyewe umeizima ulale, afu kabetri ketu haka kadogo kanaishiwa chaji. Ipunguze ukali iwe ya kuamka ikitikiswa kweli, ndo itakufaa.

GPS sasa, maana ndo kila mtu anaamini imemaliza kazi. GPS haizuii wizi, inakusaidia baada ya wizi, na inakusaidia kama ilifungwa na mtu mwenye akili. Ile ndani ina laini ya simu, laini isipokuwa na bando au salio ni kipande cha plastiki tu, na hiyo ndo sababu namba moja naona watu wanaletewa ramani ya wiki iliyopita. Kabla ya safari weka bando la kutosha siku zote za kwenda na kurudi. Pili, wengi wanaifunga chini ya siti karibu na betri, kwa sababu ni rahisi kwa fundi, na kwa sababu hiyo hiyo ndo sehemu ya kwanza mwizi anayoipapasa. Mi naificha mbali na hapo, chini ya plastiki siyo chini ya chuma maana chuma kinaziba setilaiti, na nachagua yenye kabetri kake ndani ili mwizi akikata umeme wa pikipiki itume meseji na iendelee kupumua kwa masaa kadhaa. Usishangae ukipita katikati ya mbuga Mikumi ikapotea kwenye ramani, mtandao ukikata inahifadhi ilipopita na kutuma ukirudi, kama ni ya aina nzuri. Na ile amri ya kuzima mashine kwa simu, tafadhali usiizime chombo kikiwa kwenye mwendo, unaweza kumuua mtu, na huyo mtu anaweza kuwa hata siyo mwizi. Nafunga ile inayozuia isiwake tena ikishasimama.

Hayo yote ni ya kununua muda. Sasa shahidi unampataje mji usiokujua?

Ukifika, kabla ya kuulizia bei ya chumba uliza pikipiki inalala wapi. Gesti nyingi za njiani ukiongea vizuri wanakuruhusu uiingize ndani ya geti au hata koridoni, wakisema iache tu hapo nje hapa kwetu hakuna wizi we nenda gesti nyingine, sehemu ambayo haina wizi hakuna mtu anayeisema hivyo. Mlinzi msalimie, mjue jina, mwonyeshe chombo chenyewe na namba zake, mwambie mzee wangu hii hapa ni yangu na hakuna mtu nimemtuma kuja kuichukua. Kitu kidogo cha chai mpe nusu jioni, nusu nyingine mwahidi asubuhi mkiwa mmesimama wote mbele ya pikipiki. Ukimpa yote jioni umemlipa kwa kulala.

Mchana ukisimama kula, paki pale unapoiona kutoka kwenye meza, na kama haiwezekani nenda kijiwe cha bodaboda. Watu wanawaogopa boda, mi naona ni kinyume. Wafuate na adabu zako, "habari za kazi wakuu, mi mgeni napita, naomba niiweke hapa nile mara moja", ukimaliza wanunulie maji. Kijiwe kina mwenyekiti, kina utaratibu, na wao ndo wanaoibiwa kuliko wote kwahiyo wana hasira na mwizi kuliko hata polisi. Kwa dakika hizo chache umeshapata watu wanaojua kuwa ile pikipiki ni ya yule jamaa mwenye jaketi la bluu.

Jambo la kadi. Usiiweke kadi ya pikipiki chini ya siti wala kwenye boksi la nyuma, jamani. Mwizi akipata chombo na kadi yake umemrahisishia kuuza, anakuta mteja bwege anaonyeshwa karatasi inayolingana na namba ya chesisi na mchezo umeisha. Kadi halisi iache nyumbani au ibebe mwilini, na kwenye simu kaa na picha yake, picha ya namba ya chesisi pale shingoni kwenye usukani, picha ya namba ya injini, na picha za alama ambazo ziko kwako tu, mkwaruzo kwenye tanki, siti uliyoshonesha. Hizo picha mtumie na mtu wa nyumbani maana simu nayo inaibiwa. Kama chombo ni cha mkataba bado hakijawa jina lako, beba barua ya mwenye chombo, hasa ukivuka Holili au Namanga.

Kwa wanaonunua pia, angalia hizo namba kwa vidole siyo macho tu. Namba ya chesisi ya kisasa ina herufi na tarakimu 17 na haitumii I, O wala Q, ukiona mojawapo hapo kuna mtu kapiga nyundo. Pikipiki za Bajaj za India, kama Boxer, huanza na MD2, TVS MD6, za China zinaanza na L. Boxer inayoanza na L mi ningeaga nikaondoka.

Kuporwa ni habari nyingine, hapo kufuli halina kazi. Mtu anayekodi usiku kwenda porini, rafiki mpya anayekuletea soda iliyoshafunguliwa, ukishahisi kitu achana nao, na wakikuzidi wape chombo. Pikipiki inanunulika.

Ikiibiwa, kituo cha polisi kilicho karibu na pale pale, chukua RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, toa picha zako, afu ndo upige simu kijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp. Bila RB bima haikusikilizi, na hapo ujue bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, hailipi wizi, inatakiwa inayotaja wizi, kama ile kubwa. GPS ikionyesha ilipo nenda na askari. Sipendi kabisa ile ya kukusanya vijana na kwenda wenyewe, maana kelele ya mwizi ikishapigwa hakuna anayeuliza swali, na aliyeshika usukani saa hiyo anaweza kuwa dereva aliyeajiriwa jana hajui lolote.

Ikipatikana usifurahi ukaiwasha na kurudi nayo Dar. Waliounga nyaya walikuwa na haraka, mara nyingi wameiruka fyuzi, na waya uliochubuka ukigusa fremu hapo chini ya tanki moto unaanza karibu na petroli. Chomoa betri kwanza, isukume mpaka kwa fundi wa umeme aliye karibu, akague kuanzia swichi mpaka CDI ndo uanze safari.