Chembe nyeupe zikipanda, kinga bado

Wengi huamini kwamba mgonjwa aliyepandikizwa seli shina za damu, yaani seli changa zinazozalisha chembe za damu, chembe zake nyeupe zikishapanda, basi kinga imerudi. Sivyo. Zinazotangulia, kwa kawaida ndani ya wiki 2 hadi 4, ni nyutrofili, zinazopambana na bakteria. Seli T na seli B, chembe nyeupe nyingine zinazopambana na virusi na kutengeneza kingamwili, huchukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, hasa kwa mtu mzima ambaye thaimasi yake, tezi inayokomaza seli T, imeshasinyaa. Tena kinga ya chanjo za utotoni hufifia, ndiyo maana mgonjwa huchanjwa upya. Chanjo ya surua, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, husubiri angalau miezi 24 baada ya upandikizaji. Ndugu wa mgonjwa, nawasihi: mwenye mafua asimkaribie, hata majibu ya maabara yakipendeza.